Mabaharia Walio Mbali na Bahari

Gari la moshi liondokalo Mombasa saa mbili asubuhi hufika Syokimau mchana, na abiria waendao katikati ya jiji hushuka hapo wakaingia gari dogo liwapelekalo hadi stesheni ya zamani ya Nairobi. Miongoni mwao, siku yoyote ya juma, huenda akawamo kijana aliyevaa nguo za kiraia, lakini suruali yake imepigwa pasi kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi, na viatu vyake vyang'aa hata baada ya safari ya saa nyingi. Wengine hukimbilia mlangoni, yeye hungoja. Amezoea kungoja zamu yake ya kushuka. Huyo ni baharia wa Jeshi la Wanamaji la Kenya. Ametoka Mtongwe, kusini ya kisiwa cha Mombasa, ambako ndiko makao makuu ya jeshi lake, naye ana barua mkobani imwambiayo kwamba tangu sasa kituo chake cha kazi ni Nairobi.

Wapo watu wasiosadiki kwamba jambo hilo lawezekana. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na chombo kikubwa kilichopata kuelea katikati yake ni zile mashua za kukodi za kidimbwi cha Uhuru Park. Baharia atafanya nini huko? Jirani zake wa nyumbani, akiwaambia amehamishiwa Nairobi, humcheka wakamwuliza kama manowari siku hizi zina magurudumu.

Lakini mwenye kuuliza hivyo hajatazama vizuri jinsi mambo ya bahari yalivyoendeshwa katika nchi hizi. Manowari hukaa pwani, bali fedha zake na amri zake zimetoka bara tangu zamani. Jeshi la wanamaji la Afrika ya Mashariki lililokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa na bandari yake Mombasa, na meli yake ya kufundishia vijana, Rosalind, ilitia nanga huko. Lakini jeshi hilo lilikuwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, ambayo ofisi zake zilikuwa Nairobi. Nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, zilichanga gharama. Waganda, ambao bahari yao ni Ziwa Nyanza, walilipia manowari wasiyoiona. Ilipofika 1962 jeshi hilo likavunjwa, na sababu moja ilikuwa hiyo hiyo ya mchango: kila nchi, ikikaribia kujitawala, ilianza kutazama mfuko wake.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile ambayo Kenya iligeuka kuwa Jamhuri. Manowari zake tatu za kwanza, Simba, Chui na Ndovu, zilitoka Uingereza mwaka 1966, na Mkenya wa kwanza kuliongoza alishika usukani mwaka 1972. Tangu wakati huo zimekuja nyingine nyingi, lakini desturi ya kale haikubadilika. Mkuu wa wanamaji hukaa Mtongwe, na juu yake iko Wizara ya Ulinzi, ambayo nyumba yake, Ulinzi House, imejengwa Hurlingham, magharibi ya jiji, kando ya barabara ya Lenana. Jeshi la nchi kavu, la anga na la majini yote matatu hukutana hapo, na kila moja hapana budi kuwa na watu wake wa kulisemea. Kwa hiyo wahitajiwa makarani, watunza ghala, mafundi wa simu za upepo, madereva na wahasibu walio mabaharia kwa kiapo na kwa sare, ijapokuwa mwaka mzima hawaonji maji ya chumvi.

Kwa kweli baharia wa Kenya huanza kazi yake milimani. Vijana walioandikwa kuwa askari, wawe wa nchi kavu, wa anga au wa majini, hufundishwa kwanza Eldoret, mahali palipo juu kuliko hata Nairobi, penye baridi ya kumfanya mtoto wa Kipini ajute. Watakao kuwa maofisa huenda Lanet, karibu na Nakuru. Maofisa hao nao huitwa kwa vyeo vya nchi kavu: Meja, Kanali, Brigedia. Kijana hupiga kwata katika mahindi na ngano kwa miezi, ndipo huteremshwa Mtongwe akajifunze kamba, injini na dira. Basi akirudishwa bara baadaye, hajafika ugenini kabisa.

Achukuliwe mmoja kwa mfano. Jina lake halina haja. Ni koplo, ana miaka thelathini na miwili, mke na watoto watatu. Kwao ni Magharibi ya Kenya. Mkewe amempata huko huko, akamleta pwani, nao wakakodi nyumba Likoni kwa sababu ni karibu na kazini. Miaka saba wamekaa pale. Mke amefungua meza ya kuuza nguo za watoto, na mtoto mkubwa yuko darasa la tatu na asema Kiswahili cha watu wa Mvita hata babu yake humwomba arudie neno. Ndipo ikaja barua.

Kutoka stesheni koplo huyo hutembea kwa miguu hadi Kenyatta Avenue, barabara iliyoitwa Delamere Avenue kabla ya uhuru. Hapo zimesimama sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu hupita mbele yake kila siku bila kuinua macho, huku wakitafuta mahali pa kuvukia. Mmoja wao ni mchukuzi wa mizigo, na wenziwe ni askari wenye bunduki. Baharia hayumo. Wageni wengi wa jeshi la majini hutambua jambo hilo siku ya kwanza, wala si kosa la mchongaji. Mwaka 1928 jeshi la wanamaji la Kenya lilikuwa halijaanza, kwani kikosi cha kwanza cha akiba kiliundwa Mombasa mwaka 1933.

Jiji la Nairobi humwona baharia siku moja tu kwa mwaka, naye huonekana vizuri siku hiyo. Sherehe za Jamhuri zifanywapo jijini tarehe 12 Desemba, kikosi cha wanamaji hupita kwa sare nyeupe pe, na watoto hupiga kelele kwa furaha kuliko wanapowaona wengine wote. Ni wachache wajuao kwamba siku hiyo ni sikukuu ya kuzaliwa kwa jeshi lenyewe. Sare ile nyeupe ina adui mmoja Nairobi, nayo ni udongo mwekundu wa vitongoji vya magharibi. Pwani mchanga hukung'utwa ukatoka. Udongo wa Kawangware, mvua ikinyesha, huingia katika pindo la suruali ukakaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kutoka katikati ya jiji matatu namba 46 hupanda Valley Road, hupita Hurlingham na Yaya, huishia Kawangware. Njia hii ni fupi, lakini yaonyesha madaraja yote ya maisha ya mwenye mshahara. Chini bondeni kuna makanisa na hoteli. Juu ya kilima ni Hurlingham yenye hospitali, madaktari na ofisi za Serikali, na barabara yenye jina la Argwings-Kodhek, wakili na waziri aliyekufa mwaka 1969. Baada yake ni Kilimani, ambapo zamani kila nyumba ilikuwa na bustani, na sasa majumba ya orofa kumi na zaidi yamesimama bega kwa bega. Kisha bei hushuka ghafula pamoja na barabara, na mtu hujikuta Kawangware, penye vyumba vya mabati, maduka ya nyama, mafundi cherehani, na maji ya kununua kwa mtungi. Karani wa Ulinzi House aweza kufanya kazi katika daraja la pili na kulala katika daraja la mwisho, na mwendo kati ya hayo mawili, njia ikiwa wazi, si mrefu.

Kazi yenyewe si ngumu. Atakayefika akitazamia dhoruba atakuta majalada. Asubuhi huingia langoni akaonyesha kitambulisho, huketi mezani, huandika barua za vipuri vya injini ambazo yeye mwenyewe aliwahi kuzifungua kwa mikono yake, huhesabu mapipa ya rangi, hujibu simu kutoka Mtongwe. Wapo wasemao kwamba huu ndio utumishi ulio bora kwa meli, kwa sababu karani aliyepata kukaa chumba cha injini katika joto la kaskazi hachelewi kutia mhuri karatasi ya pampu. Wapo pia waliokaa Nairobi hata wakasahau pampu yenyewe.

Lakini mazungumzo ya mabaharia wakutanapo si juu ya majalada. Ni juu ya fedha na juu ya kituo, na mambo haya mawili hayatengani.

Baharia aliye melini hujiwekea akiba bila kutaka. Meli ikiwa doria majuma mawili, yeye hula chakula cha meli na kulala kitanda cha meli, na hakuna duka baharini. Mshahara waingia benki ukamkuta hayupo. Akishuka ana fedha za mwezi karibu zote, na hapo ndipo hatari yake, kwa maana wako watu katika mji wa Mombasa wajuao tarehe ya meli kurudi kuliko wake wa mabaharia. Huyo akishinda siku tatu za kwanza, ameshinda mwezi.

Nairobi haina siku tatu za hatari. Ina siku thelathini za kupungua. Nauli ya asubuhi, nauli ya jioni, ambayo mvua ikinyesha hupanda bila tangazo; chai ya saa nne; mchango wa harusi ya mwenzake wa ofisini; sweta la kujikinga na baridi ya Julai ambalo pwani hakuwa nalo. Hakuna ambalo peke yake ni kubwa. Mtu hawezi kuonyesha mahali fedha zilipokwenda, lakini zimekwenda.

Juu ya hayo, koplo ana nyumba mbili. Nauli ya gari la moshi baina ya Nairobi na Mombasa, daraja la chini, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwezi wa Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000. Akitaka kuwaona watoto mara moja kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 36,000 kwa kukaa kitini tu, bila kuhesabu mkate wa kubeba mkononi, kwa sababu baba hawezi kuingia nyumbani mikono mitupu. Mke naye akitaka kuja na watoto watatu wakati shule zimefungwa, yeye ni 1,500, na watoto ni nusu, 750 kila mmoja. Jumla 3,750 kuja na vivyo hivyo kurudi. Basi la barabarani laweza kuwa rahisi siku nyingine, ila mama mwenye mtoto mchanga ajua thamani ya choo kilicho ndani ya behewa.

Zamani za Rosalind baharia alipeleka fedha kwao kwa hundi ya Posta, akasimama katika mstari, na jamaa aliyeipokea naye akasimama katika mstari wa pili, labda maili ishirini kutoka kijijini. Tangu Machi 2007, ilipoanza M-Pesa, fedha huruka kwa dakika moja. Watu wameisifu sana, na yastahili. Kuna jambo moja tu ambalo mabaharia hulinong'onezana: hundi ya Posta ilikuwa na mwisho wa mwezi, bali simu haina mwisho wa mwezi. Shangazi aombaye mbolea Jumatano ajua kwamba fedha zaweza kufika Jumatano. Wengi wamepata kimbilio katika chama cha akiba na mikopo cha askari, Ulinzi Sacco, kwa kuwa fedha zilizokatwa kabla ya mshahara kufika haziombwi na shangazi.

Je, baharia huchagua kituo? Kwa sheria, la. Jeshi ni amri. Mtu hupelekwa, hupiga saluti, hufunga mkoba. Lakini kila jeshi duniani lina njia ndogo ya kuomba, nayo ni barua ipitayo kwa mkuu wake mmoja mmoja hadi juu, na jibu lake laweza kuwa ndiyo, au siyo, au kimya. Mabaharia husema juu ya vituo kama wakulima wasemavyo juu ya mashamba.

Mtongwe ni nyumbani. Shule zipo, wake wamezoeana, meli zipo. Ubaya wake ni kivuko, na mtu wa bara aliyeoa mtu wa bara hana budi kumtuliza mkewe. Tarehe 29 Aprili 1994 pantoni ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na wazamiaji wa jeshi walikuwa miongoni mwa waliotoa maiti majini. Wazee wa kambi wangali wakiikumbuka wiki ile, na mke mgeni huisikia habari hiyo kabla hajajifunza bei ya samaki.

Manda, kaskazini, katika Lamu, ni kituo cha vijana. Serikali imeiweka Lamu katika orodha ya sehemu zenye mazingira magumu, na watumishi wa raia walioko huko hulipwa posho ya ziada. Karani yeyote ajua hesabu hiyo, na askari nao wana taratibu zao. Mahali pa kutumia fedha ni pachache, basi akiba hukua. Lakini mpaka wa Somalia u karibu. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Baada ya siku hiyo wako wake waliowaambia waume zao kwamba fedha za Manda wazile wao wenyewe.

Kisumu ni kituo kisichotazamiwa. Mwaka 2019 mafundi wa wanamaji walipelekwa huko kuifufua meli ya zamani ya Uhuru, kisha ukajengwa uwanja wa kuundia meli, na Uhuru ya pili ikaundwa hapo hapo ziwani. Kwa koplo wetu kituo hicho kingekuwa peponi, kwa sababu baba yake yu umbali wa nauli ndogo tu. Lakini huhitajiwa mafundi wa kuunganisha vyuma, naye si mmoja wao.

Kisha kuna vita. Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 askari walishuka pwani ya Kismayu kutoka baharini, kazi ambayo jeshi hili halikuwa limepata kuifanya. Waliokuwapo waliipata sifa. Juu ya fedha kulikuwa na manung'uniko, kwa maana azimio namba 2036 la Baraza la Usalama, la Februari mwaka huo, liliongeza askari wa Umoja wa Afrika hadi 17,731 na kukubali kugharimia mengi, ila gharama za upande wa bahari hazikuingizwa. Manowari za Kenya ziliendelea kuchoma mafuta ya Kenya. Nairobi, katika ofisi za Hurlingham, kuna watu ambao kazi yao yote ya mwaka huo ilikuwa kutafuta hesabu hiyo italipwa na nani.

Na ndipo Nairobi yenyewe. Katika Serikali posho ya nyumba ya Nairobi ndiyo kubwa kuliko za miji mingine yote, na asiyejua mji hudhani hiyo ni faida. Mwenye nyumba wa Kawangware anaijua posho hiyo vizuri kama karani wa mishahara. Faida ya kweli ya Nairobi ni nyingine: ni kuwa karibu na macho ya wakubwa, na karibu na shule. Karen, mwisho wa njia ya matatu namba 24, kuna vyuo vya ulinzi ambako maofisa husoma. Cha maofisa wa kati kilianzishwa miaka ya 1980, na cha wakubwa mwaka 1997. Ofisa wa majini aletwaye hapo kwa mwaka mmoja hutembea chini ya miti mirefu akisoma habari za mikondo ya bahari, na huenda asirudi Mtongwe tena. Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa majini, alifika kuwa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya mwaka 2015, wa kwanza kutoka jeshi hilo, akashika kazi hiyo hadi 2020. Mabaharia walifurahi sana. Waliona kwamba ngazi ya manowari yaweza kupanda hadi Hurlingham.

Koplo hatafika huko, naye anajua. Lakini yeye pia amejiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu katikati ya jiji, jambo ambalo Mtongwe lingekuwa gumu, maana meli haingoji mtihani. Cheti hicho kikipatikana, siku atakapovua sare atakuwa na kazi ya kufanya. Na sare huvuliwa mapema. Askari hustaafu akiwa bado na nguvu za kulima.

Nyumba za kambini zikiwa zimejaa, amepanga chumba kimoja Kawangware, upande wa juu, katika ploti yenye milango kumi na miwili na bomba moja. Ameweka kitanda, jiko la gesi, sanduku la chuma, na kalenda yenye picha ya meli. Amefunga neti ya mbu kwa mafundo ya kibaharia hata jirani zake wakaja kuyatazama. Mkewe aliandika, yaani alituma ujumbe kwa simu, akauliza: "Baba Asha, chumba hicho kitatutosha sote?" Yeye akajibu kwamba kitatosha wakilala kama dagaa. Mke hakucheka.

Hilo ndilo shauri lenyewe. Jeshi limemchagulia kituo, halikumchagulia nyumbani. Awalete Nairobi, mke aache meza yake ya nguo na mtoto aanze shule mpya kati ya mwaka? Awarudishe Magharibi kwa wazazi, ambako kodi haipo na shamba lipo, naye akawaone Desemba? Ama awaache Likoni, alipe nyumba mbili? Kila baharia wa Nairobi amelijibu swali hili kwa namna yake, na hakuna aliyeridhika sana na jibu lake.

Wale walioona mbali huwakumbusha wenzao habari za Kibera, iliyo mwendo mfupi kusini ya barabara ya Ngong. Mahali pale palikuwa msitu, na jina lake kwa Kinubi lina maana hiyo. Serikali ya Kiingereza iliwakalisha hapo askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya ishirini, watu walioletwa kutoka mbali kwa ajili ya kazi na wasio na kwao pa kurudi. Waliambiwa wakae, hawakupewa hati. Wajukuu wao walidai kwa vizazi vitatu, mpaka mwezi wa Juni 2017 walipopewa hati ya ekari 288, wakati ambapo mji mkubwa wa mabati ulikuwa umekwisha kuwazunguka pande zote. Babu zao walikuwa na kituo cha kazi kwa miaka mingi.

Jumapili moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, mke na watoto walikuja. Koplo aliwapandisha matatu namba 111 awaonyeshe barabara ya Ngong, na wakashuka penye makaburi ya vita, kando ya msitu, kwa sababu hapo hapana kiingilio na watoto waweza kutembea kwenye majani. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1941. Mawe yamepangwa kwa mistari kama askari wa gwaride, na waangalizi hukata majani kwa uangalifu ambao haupatikani katika bustani nyingi za mjini.

Lipo hapo jengo la ukumbusho lenye majina ya wasio na kaburi. Zaidi ya nusu ya majina hayo ni ya watu waliokufa baharini. Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Wengi wa wapiga mizinga wale walikuwa vijana wa bara ambao kabla ya hapo hawakuwa wamepata kupanda meli. Hivyo kumbukumbu kubwa ya bahari katika Kenya haiko Mombasa, iko katika kitongoji cha magharibi cha Nairobi, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na wakazi wengi wa jiji hawajaingia humo hata siku moja.

Mtoto mkubwa alisoma majina kwa sauti, moja baada ya moja, akauliza kama baba zao walikuwa wakikaa Nairobi. Mama yake akamwambia anyamaze kidogo. Koplo akaeleza kwamba walitoka kila mahali, na kwamba yeye asingekwenda mahali kama hapo, maana sasa kazi yake ni ya mezani. Mke alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba chumba cha Kawangware, kwa kweli, si kidogo sana kama alivyodhani, na kwamba nguo za watoto huuzwa Nairobi vile vile. Amepita soko la Toi akaona bei.

Siku iliyofuata walirudi Mombasa kwa gari la saa nne usiku, kwa kuwa nyumba ya Likoni ilikuwa imelipiwa kodi hadi mwisho wa mwezi, na mzigo wa meza haukuwa umeuzwa. Koplo aliwasindikiza hadi Syokimau, akaketi juu ya sanduku mpaka mlango wa behewa ulipofungwa. Mfukoni alikuwa na barua mbili. Moja ilikuwa ya kuomba arudishwe Mtongwe, na ya pili ya kuomba nyumba ya kambini Nairobi. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa mkono mzuri, na zote mbili zilikuwa hazijatiwa sahihi.